Kisusio cha Mektrida

Mtoto alikuwa anameza. Amelala, macho kafumba, mdomo kafunga, na koo lake linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, kama mtu anayekunywa maji ndotoni. Mama yake, Rukaya, alikaa ukingoni mwa kitanda anamwangalia. Mimi nilikuwa mlangoni nakwangua matope kwenye gambuti.

"Baba mdogo," akaniita bila kugeuza shingo. "Hebu njoo umwone Adija. Anameza nini huyu?"

"Mate," nikasema.

"Mate gani hayo hayaishi?"

Ilikuwa mchana, saa tisa hivi, lakini ndani giza kwa sababu ya mvua. Masika yalitushika vibaya mwaka huu huku Kirua. Bati lilikuwa linapigwa tangu alfajiri, ukitaka kusikilizwa lazima upaze sauti. Rukaya akainama, akaweka sikio karibu na shingo ya mwanawe.

"Nesi alinieleza," akasema. "Alisema akiwa usingizini ukaona anameza hivi, usidhani ni mate."

Nieleze kidogo hapa. Rukaya ni mke wa Mathew, mtoto wa marehemu kaka yangu. Yeye ni mtu wa Bondeni pale Moshi mjini, kwao ni Waislamu wa swala tano. Sisi huku ni Wakatoliki, watu wa kahawa na migomba. Ndoa yao iligombewa pande zote mbili mpaka watu wakachoka kuigombea, na alipozaliwa Adija tukajikuta tuna mjukuu mmoja ambaye hatuwezi kumgawa. Ndipo mama yake Mathew, shemeji yangu Mektrida, akatoa ahadi mbele ya mwanawe: mtoto akija huku mlimani hataonja nguruwe, wala pombe ya mbege, wala damu. Na aliishika. Hata Krismasi alikuwa anampikia kwenye sufuria ya peke yake, na kijiko chake.

Lakini huyo mtoto alikuwa mtu wa homa tangu aanze kutembea. Haupiti muda anaamka anaungua, koo limevimba, hata uji hamezi. Wanakwenda zahanati, wanampima malaria, malaria hakuna. Anapewa dawa ya chupa, anapona, anacheza, mnasahau. Halafu homa tena. Usiku akikoroma ungesema ni lori la kokoto linapandisha. Mektrida alisema hicho ni kimeo, na yupo mzee mmoja anayekata vimeo kwa kisu cha kukunja, wala hachukui muda.

"Mama," Rukaya akamwambia, "mwanangu hakatwi na kisu kilichomenya chungwa."

Wakampeleka hospitali kubwa mjini. Daktari akammulika kooni, akasema ni mafindofindo: yameugua mara nyingi mno, sasa yamekuwa makubwa yanakaribia kugusana, hayamkingi tena bali yanamfugia ugonjwa. Yatolewe. Yakatolewa salama, na mtoto akaruhusiwa. Mektrida ndiye aliyesema aletwe huku juu, hewa ni ya baridi, vidonda vitakauka upesi kuliko kwenye joto la mjini. Mathew kazi yake ni kupakua malori Holili, mpakani, nyumbani anafika mwisho wa wiki. Basi Rukaya akapanda na mtoto, na kikapu cha maziwa ya mtindi na juisi, na maneno ya nesi kichwani. Vya moto asile. Vigumu asile. Vidonda vitafunga utando mweupe, na siku utando unapobanduka ndiyo siku ya kuwa macho. Mkiona damu, hata kijiko, msingoje kesho.

Sasa ilikuwa yapata wiki. Mtoto alikuwa amekonda, amepauka, anaishi kwa mtindi na uji wa baridi, na Mektrida alikuwa akimtazama kwa jicho ambalo ningelisoma mapema kama ningekuwa na akili.

"Namwamsha," Rukaya akasema.

Akamkalisha. Adija akafungua macho, akatutazama sote wawili kama watu asiowajua, akasema, "Mama, tumbo." Rukaya akavuta beseni la plastiki lililokuwa chini ya kitanda. Halikuchelewa hata kidogo. Mtoto alitapika mara mbili, na kilichotoka kilikuwa damu.

Ukelele aliopiga Rukaya ulishinda mvua. Jirani yetu Eliaichi alikuwa na wageni, wanamalizia sherehe ya kipaimara ya mwanawe, na ua wao na wetu unatenganishwa na mstari wa masale tu. Walikuja wakikimbia, wanaume wamevaa suti, wengine bado wana glasi mkononi. Eliaichi ana pikapu ya kubebea ndizi. Alipoona tu beseni, hakuuliza, akageuka kwenda kuiwasha. Nikasikia injini inakohoa kule nje, ikakamata.

Ndipo Mektrida akaingia kutoka jikoni, anafuta mikono kwenye kanga.

"Zimeni gari," akasema. "Msimtishe mtoto bure. Hiyo si damu yake."

Rukaya akamtazama. "Ni ya nani?"

"Ni kisusio."

Kisusio, kwa asiyekijua, ni supu ya damu ya mbuzi, ina utumbo na maini yaliyokatwa vipande vidogo vidogo. Kwetu ndicho kinachorudisha damu mwilini. Mzazi anapewa, aliyevunjika anapewa, aliyetoka kwenye kisu cha daktari anapewa. Kukipika kuna kazi yake: damu inakingwa mbichi shingoni mwa mbuzi na mtu anaikoroga hapo hapo kwa kijiti bila kupumzika, maana ukipumzika tu inaganda inakuwa kama ini, na ikishaganda huna kisusio tena. Mektrida ndiye mkorogaji wa mtaa mzima. Asubuhi hiyo damu ya mbuzi wa kipaimara aliikoroga yeye. Na Rukaya aliposhuka dukani mchana kutafuta dawa ya maumivu, Mektrida alichota bakuli.

"Umempa mwanangu damu," Rukaya akasema. Polepole sana.

"Nimempa nguvu. Mtoto amekuwa mweupe kama karatasi, unamlisha barafu. Barafu inaleta damu?"

"Uliahidi! Mbele ya Mathew uliahidi!"

"Niliahidi kwa mtoto mzima. Huyu ni mgonjwa."

"Ya moto?"

"Vuguvugu."

"Mama, ya moto?"

Mektrida akafuta tena mikono kwenye kanga, na sote tukajua kwamba hakuna kisusio cha vuguvugu.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Mle chumbani watu walipumua. Kweli kabisa, nilisikia pumzi zinatoka. Mke wa Eliaichi, Lukresia, aliinama kwenye beseni akaona vipande vya maini na uji wa kahawia wa damu iliyoiva, akasema, "Yeleuwi! Kumbe ni chakula. Jamani mmenitoa roho." Nje injini ikazimwa. Mtu mmoja akacheka kidogo. Yaliyobaki yakawa ugomvi wa mkwe na mama mkwe, na ugomvi wa namna hiyo hauui mtu, wala haudai pikapu ishuke korongoni kwenye utelezi. Siku chache nyuma gari lilikuwa limetumbukia pale kwenye kona ya korongo, na dereva bado yuko kitandani mguu uko juu.

Rukaya akampigia Mathew. Simu aliweka sauti kubwa ili sote tusikie, nadhani ili mama mtu asikie.

"Mama amempa nini?" Mathew akauliza.

"Kisusio. Mwulize mwenyewe, yuko hapa. Na sasa mtoto ametapika damu."

Malori yanapiga honi huko Holili. "Rukaya, nisikilize. Nikija tutayaongea hayo, na mama nitaongea naye, wallahi tutaongea. Lakini kama ni kisusio, ametapika kisusio. Usishuke na mvua hiyo. Unanisikia? Mama ameuguza watoto saba."

"Nesi alisema—"

"Nesi hakujua kuna kisusio!"

Simu ikakatika, mtandao wa huku mvua ikinyesha ni bahati. Rukaya akabaki ameishika. Halafu akaivuta kanga yake ukutani na kuanza kumfunga mtoto mgongoni.

"Unakwenda wapi?" Lukresia akamwuliza.

"Hospitali."

"Kwa miguu? Mpaka Uchira kwenye lami? Mwanangu, utamwua mtoto kwa baridi kwa ajili ya hasira."

"Si hasira."

"Ni hasira, mama. Na ni haki yako, tunakuelewa, sisi kwa mila zenu tumekosa. Lakini usiitoe kwa mtoto."

"Alikuwa anameza!" Rukaya akapiga kelele. "Kabla hajatapika alikuwa anameza! Baba mdogo, sema! Ulimwona!"

Wakanigeukia. Nikasema ndiyo, nilimwona, alikuwa anameza. Eliaichi akasema kwa upole, kama mtu anayemhurumia mzee, "Meku, mtu akitaka kutapika si anameza mate kwanza? Hata wewe ukizidisha mbege." Wakacheka. Na mimi, niseme nini, nikaona ana maana. Adija alikuwa mgongoni kwa mama yake, kichwa kimelala begani, ametulia. Utulivu ule ndio ulionitia hofu, lakini hofu ya mzee si hoja ya kuwapinga watu.

Mektrida akaokota beseni akatoka nalo kwenda kulimwaga migombani. Alitembea wima, kichwa juu, mtu aliyeshinda. Mimi nilikuwa bado mlangoni kwa hiyo nilimwona mwenyewe. Alifika kwenye mgomba wa kwanza, akainua beseni, akaanza kulilaza. Kisha akasimama.

Akalirudisha. Akalifunika kwa upande wa kanga mvua isiingie, akainamisha uso chini ya kanga. Akalilaza upande huu, akalilaza upande ule. Nikaona anachovya kidole. Mvua ilikuwa inamlowesha mgongo, nguo imemganda, na yeye hatikisiki. Ningeweza kuvuta sigara nzima. Pengine si kweli, pengine ilikuwa kidogo tu.

Aliporudi ndani uso ulikuwa mwingine.

"Eliaichi."

"Naam, mama."

"Washa gari."

"Mama, si umesema mwenyewe—"

"Nilisema. Sasa nasema tena. Tazameni hapa."

Akaliweka beseni mezani, chini ya taa ya sola. Vipande vya maini vilikuwepo, na ule uji wa kahawia. Mektrida akalilaza beseni. Uji wa kahawia ukakimbilia upande mmoja, na nyuma yake kikabaki kitu chekundu, kizito, kinatetemeka, kimeshikana kama ini bichi.

"Hii haikuwa hivi alipotapika," akasema. "Imeganda hapa hapa, sisi tukiwa tunagombana. Damu niliyopika mimi haigandi mara ya pili."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Kila mtu mle ndani amewahi kumshikia mkorogaji taa. Rukaya alikuwa ameshatoka mlangoni.

Barabara ya kutoka kwetu kushuka Uchira, ukiijua kiangazi bado hujaijua. Ni udongo mwekundu, ukilowa unakuwa sabuni. Eliaichi aliondoka mita chache tu, makalio ya pikapu yakaenda kushoto, uso ukaenda kulia.

"Tupu haishiki!" akapiga kelele dirishani. "Nataka uzito nyuma!"

Basi wale waliokuwa wanacheka sasa hivi, wageni wa kipaimara na suti zao na maua mekundu kifuani, wakarukia nyuma mmoja mmoja kama magunia. Na mimi nikapanda. Rukaya alikaa mbele amempakata mtoto. Mektrida alifika mlango wa mbele, Rukaya akamtazama tu. Mektrida akazunguka akapanda nyuma na sisi, beseni mikononi.

"Shemeji, hilo beseni la nini?" nikamwuliza.

"La daktari. Asije akadanganywa."

"Na nani?"

Alikuwa amelikumbatia kifuani, amelifunika kanga mbili, yeye mwenyewe kichwa wazi kwenye mvua. Midomo ilikuwa inakwenda, Salamu Maria bila rozari, maana mikono haikuwa huru.

Kioo cha nyuma kilikuwa na ukungu nikakifuta kwa kiganja. Rukaya alikuwa amemkalisha mtoto wima, amemwinamisha mbele, anamwambia neno moja tu tena na tena, nililisoma midomoni: tema, tema, usimeze, tema. Adija anatemea kwenye kanga nyeupe yenye maua. Kila nikifuta kioo maua yalikuwa yamepungua.

Kwenye kona ya korongo Eliaichi akasimamisha. Maji yalikuwa yanakata barabara, ya rangi ya chai ya maziwa, yana kelele. Alishuka akatazama, akapiga ishara ya msalaba, akapanda. "Wote mlio nyuma, mlalie upande wa mlima!" Tukalala. Gari likaingia majini, gurudumu la nyuma likazama, likazunguka bure, likatutupia matope mpaka mdomoni. Nikaona ukingo unakuja. Nimepanda magari mabovu ya nchi hii karibu yote, lakini ile mara niliufunga mkono kwenye chuma nikamwomba kaka yangu huko aliko asimame. Wanaume wanne wakaruka kabla ya kuambiwa, maji yakawafika magotini, wakaweka mabega. Mmoja alikuwa anatukana kwa Kichagga na mwingine anasali, na sauti zao zilikuwa sawasawa. Gari likajinyakua. Viatu vya kipaimara vya mtu fulani vilibaki pale, hadi leo sijui ni vya nani.

Mektrida hakuwa amelala upande wowote. Alikuwa amepiga magoti katikati, anasawazisha beseni.

Tulipogusa lami pale Uchira, Rukaya akaanza kumpiga mtoto makofi mepesi shavuni. Nikafuta kioo. Adija alikuwa ameacha kutema.

Eliaichi hakuonekana kujua breki iko wapi kuanzia hapo.

Hospitali kule mjini walimpokea mlangoni. Walimchoma sindano ya maji mkono huu, wakatafuta mshipa mkono ule, mtu mmoja anafinya chupa ya maji kwa mikono yote miwili. Daktari alikuwa binti mdogo, wa mkoa wa mbali kwa jinsi alivyotamka, nywele kazibana. Alimmulika mtoto kooni, akasema kwa wenzake, "Upande wa kushoto, unavuja bado. Andaeni chumba, tunarudi ndani." Halafu akatugeukia.

"Mama mzazi nani?"

"Mimi," Rukaya akasema.

"Mara ya mwisho amekula nini, na saa ngapi?"

Wakati huo mama yake Rukaya, Bi Hadija, alikuwa ameshafika kutoka Bondeni, baibui limelowa, tasbihi mkononi. Rukaya alimpigia simu tukiwa njiani. Amesimama kando ya bintiye hivi, bega kwa bega. Rukaya akamtazama mama yake. Akamtazama Mektrida, amelowa chepechepe, matope mpaka usoni, na beseni lake. Kisha akatazama ukuta.

"Uji," akasema. "Asubuhi. Uliopoa."

Nikaelewa. Alikuwa anafunika. Mtoto wake anakwenda kwenye kisu, na bado alipata nafasi moyoni ya kufikiria kitakachosemwa Bondeni, na kama mumewe atakuwa tena na mahali pa kukaa kwenye Idi. Daktari akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, akageuka.

"Si uji," Mektrida akasema.

Daktari akasimama.

"Amekula kisusio. Mchana wa leo, baada ya saa saba. Bakuli zima. Kilikuwa cha moto, na kina vipande vya nyama. Vingine hivi hapa, vingine bado viko tumboni." Akafunua beseni.

"Kisusio ndiyo nini, bibi?"

"Supu ya damu ya mbuzi."

"Damu?" Bi Hadija akauliza. Tasbihi ilisimama.

"Damu," Mektrida akamwambia usoni. "Mama yake hakuwepo. Hakujua. Nilimpa mimi."

Daktari alitazama beseni, akainua macho, na wala hakukemea. "Ahsante, mama. Hilo ndilo nilikuwa nalitaka. Tumbo likiwa na chakula, ukimlaza mtoto usingizi kinaweza kupanda kikashukia kwenye mapafu. Tukijua tunamlaza kwa namna nyingine." Akaondoka anakimbia, anawapigia wenzake kelele, na ule mlango wa kusukuma ukapigapiga nyuma yake mpaka ukatulia.

Tukakaa kwenye benchi. Rukaya mwisho huu, Mektrida mwisho ule, katikati mimi na Bi Hadija. Mvua ilikuwa imekatika, unasikia matone tu kutoka kwenye paa. Mektrida alikuwa anatetemeka kwa baridi, meno yanagongana. Eliaichi alileta chai, hakuna aliyeinywa. Mathew akapiga simu, yuko kwenye lori anakuja. Rukaya akamwambia, "Njoo tu," akakata.

Nesi akatoka anapita haraka. Bi Hadija akamshika mkono. "Mwanangu, tuambie."

"Wanaendelea. Amepoteza damu nyingi, anaongezewa."

Akaenda. Bi Hadija akavuta tasbihi punje moja, mbili. Kisha akasema, bila kumtazama mtu:

"Umesikia, Mama Mathew? Damu ya kuongeza inaingilia mkononi. Si mdomoni."

"Nimesikia," Mektrida akasema.

"Na huyo mbuzi alichinjwa na nani?"

"Eliaichi."

"Eliaichi," Bi Hadija akasema, na kichwa akatikisa. "Hata bismillahi hakupata maskini."

"Mama," Rukaya akasema kwa uchovu, "hata angechinjwa na imamu, damu ni damu."

"Najua. Nilikuwa naulizia mbuzi."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni Eliaichi, kule alikosimama na chai zake, sauti ilimtoka puani. Bi Hadija akaziba mdomo kwa baibui, mabega yanatikisika, na mara nikaona kwamba hacheki tena. Alilia kimya kimya muda mrefu. Mektrida hakulia. Alikuwa anautazama ule mlango.

Jioni daktari akatoka, kofia mkononi, jasho kipajini. Alisema damu imesimama. Amefunga mshipa kwa moto. Mtoto yuko hai, anapumua mwenyewe, atalala hapo siku kadhaa. Rukaya akainuka, akakaa tena.

"Ni kile cha moto kilichofanya?" Mektrida akamwuliza daktari.

"Kinaweza kuwa ndicho. Inaweza kuwa utando umefika wakati wake tu. Hutokea hata kwa anayekula mtindi peke yake. Siwezi kukuapia, mama."

"Na kama tungengoja mpaka asubuhi?"

Daktari akamtazama. "Msingekuwa mnangoja kitu."

Wakamruhusu Rukaya aingie. Alipita mbele ya Mektrida, akaenda hatua chache, akarudi. Alisimama mbele yake.

"Mama. Ulikuwa umeshaenda kulimwaga hilo beseni."

"Ndiyo."

"Ungelimwaga?"

Mektrida angeweza kusema lolote. Hakuna aliyeona migombani isipokuwa mimi, na mimi nisingesema.

"Nilikuwa nimeshaanza," akasema. "Uji wa juu ulishamwagika. Nikaona kilichobaki hakitaki kutoka."

Rukaya akatikisa kichwa, polepole, kama anahesabu kitu ambacho hakikubali kuhesabika. "Akitoka hapa atakwenda Bondeni," akasema. "Kwa mama yangu. Huko juu hapandi mpaka nitakapoona mimi."

"Sawa."

"Na wewe utakuja kumwona huko. Bila bakuli."

"Sawa, mwanangu."

Rukaya akavua kanga yake ya juu, ambayo ilikuwa kavu, akamtupia mapajani, akaingia ndani. Mektrida hakujifunika. Alikaa nayo kidogo imekunjika vile vile. Halafu akainuka, akaniuliza bomba liko wapi, akaenda kuosha beseni. Nilimkuta pale uani ameinama, maji yanakwenda, anasugua, anasuuza, anasugua tena, na beseni lilikuwa safi zamani.